Pawaso Si Karabai

Bathsheba aliamka na hasira, na hasira hiyo alikuwa amelala nayo. Aliwasha moto kwa hasira. Alikoroga uji kwa hasira mpaka ukamrukia mkononi. Mumewe, Mokaya, aliuliza chai iko wapi. Bathsheba alimwonyesha birika kwa kidevu, akaendelea kukoroga.

"Hujanisalimia tangu jana," Mokaya alisema.

"Na wewe hujamwomba ndugu yangu radhi tangu jana."

Mokaya alijimiminia chai mwenyewe. Hakuzoea kufanya hivyo, na nusu ya chai iliishia mezani.

Sasa, tusimlaumu mtu kabla ya kujua kisa. Kisa ni hiki.

Mokaya na Bathsheba walikuwa Wakisii, watu wa Sabato. Walihamia kilimani juu ya Muhuru, mji wa ufukoni mwa ziwa, kutafuta shamba na biashara. Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Kwa muda mrefu Mokaya alikuwa fundi wa karabai, zile taa za kupampu ambazo wavuvi huenda nazo ziwani usiku kuvua omena. Katika kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Wavuvi walitoka hata kisiwa cha Mfangano kumletea taa zao. Karabai ikitoa moshi, Mokaya alipunguza mafuta kidogo. Moshi uliisha, mwanga ukawa mweupe, na mwenye taa akaenda zake akimsifu.

Kisha Mokaya akapata pawaso. Pawaso ni msumeno wa mashine. Una mnyororo wa meno, na mnyororo huo huzungushwa na injini ya petroli. Mzungu mmoja mpasua mbao alikuwa anafunga kazi yake arudi kwao, akaiuza. Huko chini Muhuru, wajenzi wa mashua walikuwa wakililia mbao. Mzee Wangwe, jirani yao Mkuria, alikuwa na mivule mikubwa shambani. Kazi ilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kuishika mashine.

Bathsheba ndiye aliyemwita mdogo wake, Mayaka, kutoka kwao Kisii. Mayaka alikuwa amefanya kazi ya kukata miti upande wa Kericho. Alijua kuangusha mti mahali anapotaka. Alijua kunoa mnyororo, jino baada ya jino. Alikuwa mtu mpole, na mwenye kula kwa shemeji yake kwa adabu.

Mwanzoni pawaso ilikata bila taabu. Ilikata magogo, na mzee Osoro na wenzake wakayapasua mbao kwa msumeno wao wa shimoni, mmoja juu ya gogo, mmoja chini shimoni. Osoro naye alikuwa Mkisii. Alikuwa na binti, jina lake Orpah. Mayaka alimpenda Orpah, Orpah hakukataa, na Osoro alijifanya haoni. Ng'ombe wa mahari walikuwa tayari. Kwa Wakisii, ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya dada ndio wanaomwoza kaka. Kwa hiyo ng'ombe aliowatoa Mokaya kumwoa Bathsheba walikuwa bado zizini kwa baba yake, wakimngojea Mayaka.

Halafu pawaso ikaanza vituko. Nje ya mti iliimba vizuri, sauti nyembamba, kali, bila moshi hata kidogo. Mayaka akiutia mnyororo ndani ya mti, inanung'unika, inafifia, inazima. Anavuta kamba, inawaka, inaimba. Akiitia ndani ya mti, inazima tena. Kutwa nzima ni kuvuta kamba, mpaka bega likavimba. Mvule mmoja mkubwa ulikatwa nusu ukabaki hivyo, umesimama na kidonda chake, na hakuna aliyethubutu kupita chini yake.

Ndipo jana, mbele ya wapasua mbao wote, Mokaya akapandwa na mori. Akamnyooshea Mayaka kidole.

"Mashine ni nzima. Nikiiwasha mimi inaimba. Ukiishika wewe inakufa. Mkono wako una nuksi. Kesho uondoke kwangu."

Mayaka aliiweka pawaso chini polepole, akaondoka. Osoro alikuwa shimoni, uso umejaa unga wa mbao. Alisikia kila kitu. Alitoka shimoni akamwambia Bathsheba, aliyekuwa amekuja na uji, "Mama, mimi sina ugomvi na ndugu yako. Lakini binti yangu simtoi kwa mtu wa nuksi. Nitangoja nione."

"Utaona nini, mzee? Hayo ni maneno ya hasira tu."

"Lisemwalo lipo," Osoro alisema, "na kama halipo laja. Aliyesema ni shemeji yake mwenyewe, si mtu baki."

Hicho ndicho kisa. Neno moja, na kijana wa watu amepotezewa kazi, mchumba na jina. Sasa mwambie Bathsheba asikasirike.

Mokaya alipomaliza chai yake alitoka kwenda kwa mzee Wangwe kutafuta mtu mwingine wa kushika mashine. Bathsheba alivuka ua mpaka kibanda cha Mayaka. Alimkuta anakunja shati lake la kanisani.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Ukimwambia mama nini?"

Mayaka aliendelea kukunja. Bathsheba alilichukua lile shati akalitupa kitandani.

"Mayaka, niangalie. Mashine hii ilikuwa ikikata. Ilianza kufa lini?"

Mayaka alitazama mlango kwanza. "Dada, hayo yaache."

"Nimekuuliza."

"Tangu tuikaze," alisema kwa sauti ya chini.

"Tuikaze? Nani na nani?"

Mayaka alikaa kitandani. Bathsheba alingoja.

"Shemeji aliona moshi," Mayaka alisema mwishowe. "Akasema moshi ni petroli inayopotea bure. Akachukua bisibisi, akakaza skrubu ya kabureta, ile inayogawia injini petroli. Moshi ukapungua. Kesho yake akakaza tena. Akakaza mpaka moshi ukaisha kabisa. Tangu hapo ndipo ilipoanza kuzima."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilimwambia mara moja. Nilisema, labda tumekaza sana. Akaniuliza kama mimi ndiye fundi. Nitasema nini, dada? Nalala kwake, nakula kwake. Nikimbishia mbele ya watu, ni mimi nitakayeonekana sina adabu."

Sasa Bathsheba alikuwa na hasira mbili, moja ya mumewe na moja ya ndugu yake, na hakujua ipi ni kubwa.

"Heshima si utumwa," alisema. "Umekaa na neno la kweli tumboni, na sasa linakula jina lako. Usiondoke hapa. Ukiondoka, mimi si dada yako."

Aliingia ghalani. Aliifunga pawaso ndani ya gunia, akajitwika. Ilikuwa nzito kuliko debe la maji, na ilinuka petroli. Aliteremka nayo kilima mpaka Muhuru, na kila aliyemsalimia njiani alijibiwa kwa neno moja tu.

Muhuru alikuwepo mwanamke mmoja aliyeitwa Filister, mjane, Mjaluo wa pale pale ufukoni. Watu walimwita Mama Dolphine. Alitengeneza injini za mashua, zile zinazofungwa nyuma ya mashua na kusukuma maji. Marehemu mume wake alikuwa fundi wa injini hizo, lakini macho yalimwisha kabla ya siku zake. Basi mume akawa anasikiliza, na Filister anageuza. "Zaidi," mume angesema. "Rudisha. Hapo." Mume alikufa, masikio yakabaki kwa Filister. Naye hakuwa mtu wa kujificha. Aliwaambia wavuvi wazi kwamba toka Mfangano hadi mpaka wa Tanzania hakuna anayejua injini kama yeye, na aliyebisha alitengenezewa mwisho.

Alikuwa amekaa juu ya sanduku, anasugua plagi, ile inayotoa cheche za kuwasha injini, kwa brashi ya waya. Kando yake omena walikuwa wameanikwa juu ya nyavu kuukuu.

"Nyaminwa," alisema, maana yake dada yetu, "hicho ulichobeba ni maiti au ni chakula?"

"Karibu kiwe maiti," Bathsheba alisema, akashusha gunia. Alimweleza yote, tangu moshi mpaka neno la nuksi.

Filister aliacha plagi. "Yawa. Mtu mzima anasema nuksi kwa sababu ya mashine?" Akavuta pawaso miguuni pake. "Tuone hiyo nuksi imekaa wapi."

Hakugusa skrubu kwanza. Alifungua kifuniko akatoa chujio la hewa, akalipigapiga kwenye goti, vumbi la mbao likamwagika. "Hii ikiziba, injini haipumui. Isafishwe kila jioni." Akafungua tangi la petroli, akavuta kwa waya uliopindwa mpira wenye chujio dogo mwishoni, akalikagua kwenye mwanga. "Hili ni safi. Lingekuwa limeziba, injini ingelala njaa." Akapuliza kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi. Akapitisha kidole juu ya meno ya mnyororo, polepole. "Nani ananoa?"

"Ndugu yangu."

"Mwenye nuksi ananoa hivi? Mnyororo ukiwa butu, mashine inaweza kuchoka ndani ya mti. Lakini huu ni wembe. Ugonjwa hauko hapa."

Kisha akafungua plagi, akamwonyesha Bathsheba. Ncha yake ilikuwa nyeupe.

"Unaiona? Plagi ya injini inayokula vizuri ina rangi ya udongo mkavu. Hii imekauka kama mfupa. Mashine yenu ina njaa."

Wakati huo Mokaya akatokea. Alikuwa ameteremka mbio, shati limeloa jasho. Alikuwa amerudi nyumbani akakuta mke hayupo na pawaso haipo, na watu wa njiani wakamwelekeza.

"Bathsheba! Nani amekupa ruhusa ya kubeba mali yangu?"

"Ruhusa nimejipa."

"Hasira hasara, mke wangu."

"Hasira ya jana ilikuwa yako," Bathsheba alisema. "Hasara ndiyo hii tunayoihesabu."

Wavuvi wawili waliokuwa wakishona nyavu waliinamisha vichwa, lakini hawakuondoka.

Filister hakuinuka. Aliingiza bisibisi yake ndogo kwenye kabureta, akageuza kwa vidole viwili kuelekea kukaza. Skrubu haikusogea hata robo. Akamtazama Mokaya.

"Omera, ndugu yangu, nani amefunga hii?"

"Mimi," Mokaya alisema. "Ilikuwa inatoa moshi. Mimi nimetengeneza karabai miaka yote. Moshi ni mafuta yaliyozidi. Unapunguza, moto unakuwa safi. Hata mtoto anajua."

"Karabai inajua kukata mti?"

"Usinichezee, Mama Dolphine."

"Sikuchezei. Nina hasira nawe." Na kweli alikuwa nazo, sauti ilikuwa imepanda. "Sikiliza. Karabai inaning'inia tu. Inawaka mahali pamoja mpaka asubuhi, haibebi kitu. Mtu aliyekaa kivulini anatosheka na kikombe cha uji. Haya, mpe mzee Osoro kikombe hicho hicho, halafu mtie shimoni apasue mbao kutwa. Ataanguka. Utasema ana nuksi? Pawaso ikiwa nje ya mti imekaa kivulini. Ndiyo maana ilikuimbia. Ikiingia ndani ya mti, inataka petroli nyingi, na wewe umeifunga mdomo."

Mokaya alikunja uso. "Na ule moshi?"

"Petroli ya mashine hii mnachanganya na oili, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi moshi mdogo wa samawati ni oili hiyo inayoungua, na oili hiyo ndiyo inayoilainisha pistoni. Haina oili nyingine huko ndani. Ukipunguza petroli, umepunguza na oili. Pistoni inapata moto, inakwaruzika, siku moja inashika na haiachi tena. Ile sauti nyembamba uliyokuwa unaisifu, fundi wangu, ni mashine inayolia. Ungeendelea hivyo wiki hii yote, ningekutengenezea jeneza lake."

Mokaya aliichukua ile plagi, akaigeuza mkononi. Alitazama ziwa.  

"Itengeneze basi," Mokaya alisema.

"Hapa nitaianza tu. Kumaliza ni ndani ya mti, na mkononi mwa anayekata nayo. Yuko wapi huyo kijana?"

"Amefukuzwa," Bathsheba alisema.

"Akaitwe."

Bathsheba alimgeukia mumewe. "Aliyemfukuza ndiye atakayemwita."

Walipanda kilima, Filister na kisanduku chake, Mokaya amebeba pawaso begani, Bathsheba nyuma.  Walipofika uani, Mokaya alisimama nje ya kibanda cha Mayaka, pawaso bado begani. Kisha akaita, "Shemeji. Toka. Tunakuhitaji kwenye mti."

Mayaka alitoka. Alimtazama dada yake, kisha akaifuata njia ya shambani.

Wapasua mbao walikuwa shambani kwa Wangwe, wamekaa juu ya magogo bila kazi. Osoro alimwona Mayaka akakaza macho. Filister hakumsalimia mtu. Aliiweka pawaso juu ya kisiki, injini ikiwa imezimwa, akamwita Mayaka upande wa kulia na Mokaya upande wa kushoto. Akafuta kabureta kwa kitambaa.

"Hapa kuna skrubu mbili za petroli," alisema. "Hii ni ya mwendo wa chini, injini ikipumzika. Hii ni ya mwendo wa juu, injini ikifanya kazi. Hii ya tatu haihusiki na petroli, inaizuia injini isizime inapopumzika. Sasa tunazikaza hizi mbili za petroli polepole mpaka zifike mwisho. Kwa vidole, si kwa nguvu za bega. Ukilazimisha, unaharibu ncha yake, na kabureta imekwisha. Imefika? Sasa fungua kila moja mzunguko mmoja kamili. Hapo ni pa kuanzia tu."

Mayaka alifanya. 

"Washa. Iache ipate moto vizuri. Injini baridi ni mwongo, usiipime."

Pawaso ikawaka. Ikatoa moshi wa samawati. Mkono wa Mokaya ukasogea wenyewe kuelekea bisibisi, Bathsheba akauona, naye Mokaya akaona kwamba ameonekana. Akauingiza mkono mfukoni.

Filister alianza na skrubu ya chini. Alimwambia Mayaka aizungushe kidogo huku na huku mpaka injini ipumzike kwa sauti iliyo sawa, kisha aifungue kidogo zaidi. "Bonyeza moto ghafla, hicho kitufe cha petroli." Injini ikapanda bila kusita. "Vizuri. Ikisita, bado ina njaa, fungua kidogo. Sasa achia. Tazama mnyororo. Unatembea?"

"Unatembea kidogo," Mayaka alisema.

"Mnyororo ukitembea wakati umeachia moto, utakukata mguu ukiwa unapiga hadithi. Legeza ile ya tatu." Mayaka akalegeza. Mnyororo ukasimama, injini ikaendelea kunguruma taratibu.

"Sasa ya juu. Bonyeza moto mpaka mwisho."

Sauti ikapanda, nzito, yenye kukwaruza, kama mtu anayekohoa kidogo huku akiimba.

"Mbaya hiyo," Mokaya alisema. "Haiimbi."

"Isiimbe. Nje ya mti ikwaruze hivyo hivyo. Ikikwaruza, ujue ina akiba. Kijana, itie ndani ya gogo."

Watu walirudi nyuma. Mayaka alipanga miguu, akalisogelea gogo. Mnyororo ukauma. Mkwaruzo ukaisha, sauti ikawa safi na nzito, unga wa mbao ukaruka. Kisha kati ya gogo ikafifia kidogo, ikasita. Haikuzima, lakini ilisita. Osoro alitikisa kichwa. 

"Itoe," Filister alisema. "Fungua ya juu. Umeona mshale mkubwa wa saa? Unavyotoka kwenye namba moja kwenda kwenye namba mbili, kiasi hicho tu. Halafu jaribu. Ikikohoa na moshi mwingi hata ndani ya mti, umepitiliza, rudisha. Usiwe na haraka. Ni masikio, si nguvu."

Mayaka akafungua kiasi hicho. Akaitia tena ndani ya gogo. Safari hii pawaso iliingia na haikusita. Iliingia mpaka katikati, ikapita katikati, ikatokea upande wa pili, na kipande cha gogo kikaanguka chini kwa kishindo. Mayaka akaachia moto. Injini ikarudi kunguruma polepole, mnyororo umetulia.

Hakuna aliyepiga makofi. Wapasua mbao walikuwa wakimtazama Mokaya, kwa sababu hao ndio waliosikia neno la jana.

Filister alifuta bisibisi yake. "Mimi nimemaliza. Hiyo nuksi nimeitafuta sikuipata. Nimekuta skrubu imefungwa tu."

Bathsheba alivuka na kusimama mbele ya mumewe. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Mokaya kuliko angepaza.

"Ulisema hapa," alimwambia. "Mbele ya hawa hawa."

Mokaya alipangusa uso. Alitazama gogo lililokatwa, akamtazama mzee Osoro, kisha akamtazama Mayaka.

"Niliikaza mimi," alisema. "Aliniambia nimekaza sana, nikamnyamazisha. Mkono wake hauna kitu. Aliyeiharibu ni mimi. Shemeji, nimekukosea."

Mayaka alitikisa kichwa kukubali. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aje kwa dada yake, akasema mbele ya watu kile alichokuwa nacho moyoni. "Nimesikia, shemeji. Lakini skrubu hii tusiiguse tena nyumbani. Tukiigusa, iwe kwenye mti, na mimi nikisikiliza."

"Iwe hivyo," Mokaya alisema.

"Na uliniumiza."

"Najua."

Kazi ilianza tena. Mayaka aliwatoa watu wote chini ya ule mvule uliokatwa nusu, akalizunguka shina, akatazama juu. Alikata kwa utulivu, pawaso ikinguruma bila kuyumba, na mti ukaegemea upande alioutaka, ukaanguka pale alipokuwa amesema utaanguka. Mzee Wangwe, aliyekuwa mbali na fimbo yake, alisema mbao za mashua sasa zitawahi mvua.

Tangu siku hiyo, chujio la hewa lilisafishwa kila jioni. Mokaya alilisafisha mwenyewe, kwa mikono ile ile ya ufundi wa karabai, na akalisafisha vizuri kuliko mtu yeyote. Petroli alichanganya na oili kwa kipimo cha chupa, si kwa kukisia. Moshi mdogo wa samawati alijifunza kuuvumilia, ingawa uso wake ulionyesha haufurahii. Pawaso haikuzima tena ndani ya mti.

Lakini siku ile ile, kabla watu hawajatawanyika, Osoro alitoka shimoni akaja pale Bathsheba alipokuwa akikusanya vikombe vya uji wa wapasua mbao.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Nuksi imetajwa, na wanawake wa kwangu wameisikia. Orpah amelia usiku kucha. Mimi nimeona kwa macho, lakini wao hawakuwa hapa."

Bathsheba alihisi hasira inampanda upya. "Sasa unataka nini tena, mzee?"

"Nataka mje Jumapili. Na wale ng'ombe walio kwa baba yenu, muagize waletwe. Ila kijana asiletewe msemaji mwingine." Akamwelekeza Mokaya kwa kidole. "Atasema yule."

Mokaya alisikia, akasogea. Mume wa dada kumsemea shemeji yake nyumbani kwa Osoro, mbele ya wazee na wanawake wa nyumba hiyo, siku chache baada ya kumwita mtu wa nuksi. Uso wake ulikuwa umeparara.

"Bathsheba," alisema kwa sauti ya chini, "nikisimama mbele ya watu wale, nitaanza na nini?"

Bathsheba alimpa kikombe cha uji, cha kwanza tangu jana.

"Utaanza na skrubu," alisema.